Shauri: Historia ya Maneno Marefu Masasi na Newala

Shauri ni neno la kazi nyingi katika Kiswahili. Ni rai anayopewa mtu na mwenzake, ni mpango uliokwisha kukubaliwa, ni kikao cha kuufikia mpango huo, na ni kesi iliyofunguliwa mahakamani. Katika vitabu vya Wazungu waliopita Afrika Mashariki karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, neno hilohilo lilitwikwa maana nyingine ambayo wenye lugha hawakuitia humo: maneno yasiyokwisha, kikao cha kuchosha, siku nzima iliyopotea kwa kusemezana. Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, ni mahali pafaapo kuifuatilia maana hiyo ya kubandikwa. Watu wa huko waliendesha karibu kila jambo zito kwa shauri, na wageni waliokuja kutawala au kuhubiri, mmoja baada ya mwingine, walilazimika kukaa chini na kusikiliza, wapende wasipende.

Mzizi wa neno ni wa Kiarabu, nao unahusu kutaka rai na kuitoa. Kutoka mzizi huo Waarabu wana shura, na ndiyo maana Oman ilipounda baraza la wawakilishi mwaka 1991 ililiita Majlis al-Shura. Waswahili nao wamejenga ukoo mzima: kushauri, kushauriana, mshauri, ushauri, halmashauri. Katika ukoo huo hamna neno hata moja la kubeza. Mtu asemaye kupita kiasi ana majina yake mengine kabisa. Ana domo, ana maneno mengi, anapiga porojo, anapayuka. Siku hizi husemwa pia kwamba analeta ngonjera, jina la mashairi ya majibizano ambayo Mathias Mnyampala (1917–1969) aliyaeneza ili kueleza siasa ya nchi, na ambalo mitaani limegeuka kuwa jina la visingizio virefu. Hata anayeambiwa “shauri yako” haambiwi kwamba amesema sana. Anaachiwa uamuzi wake na yatakayomfika.

Neno la Kiingereza lililo karibu zaidi na shauri la vitabu vya wasafiri ni “palaver”, nalo lilipita njia ya namna hiyohiyo. Lilianza kama palavra ya Wareno, yaani neno tu, ambayo nayo ilitoka katika Kilatini parabola, mfano au mithali. Mabaharia waliofanya biashara pwani ya Afrika Magharibi walilichukua kwa maana ya mazungumzo na wenyeji, kisha likateremka hadi kuwa soga na upuuzi. Wareno wenyewe walikuwa majirani wa Newala, ng’ambo ya mto Ruvuma, na mwishoni mwa mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, waliishika Newala kwa wiki chache kabla ya Wajerumani kuwafurusha. Palavra yao haikuvuka mto. Upande wa kaskazini shauri lilikuwa limekwisha kuota mizizi.

Kwa nini kuongea kulikuwa na uzito mkubwa hivyo katika eneo hili, jibu limo katika nchi yenyewe na jinsi ilivyokaliwa. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Juu ya uwanda huo hakuna mito. Kwa vizazi vingi maji yalitekwa kwenye chemchemi za chini ya miteremko na kupandishwa kwa kichwa, kazi ya wanawake na wasichana. Uwanda ulifunikwa na vichaka vizito, nao Wamakonde walikaa humo kwa makundi madogo yaliyotawanyika. Vichaka viliwakinga na wavamizi, lakini viliwatenga pia wao kwa wao. Kila kundi lilikuwa na eneo lake, chirambo, na mkubwa wake, mkulungwa, ambaye cheo chake kilitokana na ukoo wa kikeni na kuwa wa kwanza kufyeka mahali pale. Mkulungwa hakuwa mfalme. Hakuwa na jeshi, wala ushuru wa kudumu, wala mkulungwa mwingine wa kumwamuru. Akigombana na jirani, alikuwa na njia mbili tu: vita au maneno.

Chini ya uwanda, upande wa magharibi, Masasi imekaa kati ya milima ya mawe iliyochomoza peke yake kutoka tambarare. Huko walikutana Wamakua na Wayao waliovuka Ruvuma katika karne ya 19, pamoja na Wamakonde na Wamwera. Wayao walikuwa na machifu wenye nguvu zaidi, waliotajirika kwa misafara ya pembe na watumwa iliyoelekea Kilwa na Lindi. Mmoja wa mashuhuri kati yao katika eneo hili alikuwa Matola wa Newala. Lakini hata chifu wa Kiyao alijua kwamba mtu asiyeridhika angeweza kubeba jembe lake na kuhamia kwa chifu mwingine pamoja na jamaa zake wote. Ardhi ilikuwa tele, watu ndio waliokuwa adimu, kwa hiyo hukumu iliyomwacha mtu na kinyongo ilimgharimu chifu raia.

Watu wa makabila haya walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na jambo hilo liliongeza wasemaji. Katika mgogoro wa ndoa, kwa mfano, mume na mke hawakusimama peke yao. Nyuma ya kila mmoja alikuwapo mjomba, na nyuma ya mjomba kundi zima la dada na watoto wa dada. Wayao huliita kundi la akina dada mbumba, na kaka mkubwa anayelisimamia ndiye hubeba dhamana ya ugomvi wake. J. Clyde Mitchell, aliyechunguza vijiji vya Wayao wa Nyasaland (Malawi ya leo) na kuchapisha kitabu chake mwaka 1956, alionyesha kwamba mgogoro mdogo wa nyumbani ungeweza kuamua kama kijiji kitabaki kimoja au kitagawanyika. Wayao wa Masasi ni ndugu wa hao. Mjomba aliposimama kusema hakuwa anapamba maneno. Alikuwa akieleza mahari, wageni waliokuwapo siku ya posa, magonjwa, madeni na maneno yaliyowahi kutamkwa. Kumbukumbu hizo hazikuandikwa popote. Kikao chenyewe ndicho kilichokuwa daftari, na kisichosemwa pale mbele ya mashahidi hakikuwa na nguvu baadaye. Mtu wa kalamu na karatasi husahau jambo hili kwa urahisi, kisha huona urefu ambapo mwenzake anaona ushahidi.

Lugha nazo ziliongeza muda. Kimakonde, Kiyao na Kimakua ni lugha za Kibantu, lakini msemaji wa moja haielewi nyingine kwa kuisikia tu. Shauri lililogusa watu wa makabila mawili lilihitaji mkalimani, au mtu wa kurudia hoja kwa lugha ya upande wa pili. Kiswahili kilifaa kuwa daraja, nacho kilikuja na misafara. Mpagazi aliyekwenda Lindi au Kilwa alirudi na nguo, chumvi na maneno ya pwani, na shauri lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyohitajika zaidi njiani, maana kila hatua ya safari ilikuwa na lake: posho ya wapagazi, hongo ya kupita kwa chifu, mahali pa kulala, njia ya kufuata.

Ni katika misafara kama hiyo Wazungu walipolisikia. Richard Burton, aliyetoa kitabu chake cha safari ya maziwa makuu mwaka 1860, na Henry Morton Stanley, aliyeeleza mwaka 1872 jinsi alivyompata Livingstone, wote wawili waliliandika neno hilo bila kulitafsiri, na mara nyingi kwa kununa. Msafiri alikuwa na siku zilizohesabiwa na fedha za kukopa. Chifu aliyedai hongo hakuwa na sababu ya kuharakisha, na wapagazi waliojua bei ya nguo yao hawakukubali neno la kwanza. Shauri kwao lilikuwa bei inatafutwa; kwa Stanley lilikuwa kuchelewa. Hapo ndipo maana ya maneno marefu ilipozaliwa, nayo ilizaliwa kutokana na haraka ya msikilizaji.

Mtu aliyeliandika kwa utulivu zaidi ni yuleyule aliyeanzisha Masasi ya Wakristo. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alichapa mwongozo wake wa lugha ya Kiswahili mwaka 1870, ukafuatiwa mwaka huohuo na mkusanyo wa hadithi za Unguja. Katika mwongozo huo shauri limeelezwa kwa maana ya ushauri na mpango, bila dharau yoyote. Miaka sita baadaye, akiwa askofu, Steere aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na nchi za asili zao, pande za Ziwa Nyasa. Msafara uliondoka mwezi Oktoba 1876, lakini walipofika Masasi watu wale walipapenda wakataka kubaki, na askofu akakubali. Maskani ya Masasi yakaanza hivyo: kwa rai ya wakombolewa kushinda ramani ya kiongozi wao.

Wakazi wapya walitoka makabila mengi, na wengi wao waliunganishwa na Kiswahili cha Unguja. Wamisionari walijikuta wakitatua ugomvi wa ndoa, wizi na mashamba kama machifu wadogo, huku wakitegemea kukubaliwa na machifu halisi waliowazunguka. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka. Misheni ilihamia Newala, karibu na Matola, chini ya Chauncy Maples. Walikaa huko kwa hisani ya Matola, kwa hiyo zamu ya kusubiri na kubembeleza ilikuwa yao.

Wajerumani walilibadilisha shauri kwa kiasi kikubwa kuliko wote waliowatangulia. Mara tu walipoishika pwani mwishoni mwa miaka ya 1880, waliliingiza neno katika Kijerumani chao cha koloni kwa tahajia ya Schauri. Bwana mkubwa wa wilaya alikuwa na siku zake za Schauri, akisikiliza kesi mbele ya boma, na daftari lake la kesi liliitwa kwa jina hilo. Masasi na Newala ziliwekwa chini ya wilaya ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu; vijijini utawala ulikuwa mikononi mwa maakida na majumbe. Amri ya mwaka 1896 kuhusu adhabu kwa wenyeji iliruhusu viboko, visivyozidi 25 kwa mkupuo mmoja, na “hamsa ishirini” likawa tusi na kicheko cha uchungu koloni nzima. Wazee walialikwa kuketi na hakimu katika kesi nzito, ila neno la mwisho lilikuwa la ofisa. Jina lilibaki lilelile, kilichokuwa ndani kikageuka: shauri lililokuwa likimalizika pande zote mbili zinapokubali, sasa lilimalizika ofisa alipochoka kusikiliza.

Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilifika Masasi mwezi Agosti 1905, na majengo ya misheni yakachomwa. Matola wa wakati huo, mrithi wa yule wa kwanza, na chifu Nakaam wa Chiwata hawakujiunga na wapiganaji. Mwaka uliofuata, nchi ikiwa bado imechoka kwa vita na njaa, alifika Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig. Alikusudia kwenda pande za Kondoa Irangi. Hali ya vita ikamgeuza kusini. Aliondoka Lindi mwezi Julai 1906, akapita Masasi, akakaa kwa Matola huko Chingulungulu, kisha akapanda Newala, ambako alipata baridi, ukungu na wiki kadhaa za kazi ya lugha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu London. Ni miongoni mwa maelezo marefu ya kwanza ya maisha ya eneo hili.

Weule alibeba kinasa sauti cha silinda za nta na kamera ya sinema, vitu vya ajabu kwa wakati ule. Alirekodi nyimbo na ngoma. Silinda moja ya nta ilishika dakika mbili au tatu tu, muda unaotosha ubeti na kiitikio, lakini hautoshi hata salamu za kufungulia shauri. Kwa hiyo sanaa kubwa kabisa ya watu hawa ya kusema haikuweza kuingia katika chombo chake. Kilichobaki katika makumbusho ya Ulaya ni ngoma, na picha ya mtu wa kusini aliyehifadhiwa humo ni ya mchezaji kuliko msemaji. Hii ni hasara ambayo hata shutuma za wasafiri hazikuifikia, kwa kuwa aliyelalamika kuhusu urefu wa maneno alikiri angalau kwamba yalisemwa.

Wakati wa Waingereza, mgeni mmoja aliamua kulitumia shauri kwa namna lilivyotumiwa na wenyeji. Vincent Lucas alifanya kazi Masasi tangu kabla ya Vita Kuu, akawa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944. Tatizo lake lilikuwa jando. Vijana wa Kikristo walikatazwa kwenda, na wasipokwenda walihesabiwa watoto hadi uzeeni. Wakienda, walivunja sheria ya kanisa. Lucas hakutoa amri kutoka juu. Aliketi na wazee, mapadre na walimu Waafrika, wakapitia hatua za jando moja baada ya nyingine: kipi kibaki, kipi kiondolewe, kipi kipewe sala. Jando la Kikristo lililopatikana lilijulikana mbali miongoni mwa wamisionari, nalo limejadiliwa na wanahistoria, Terence Ranger akiwa mmoja wao. Watu wengi humsifu Lucas kwa ubunifu. Sifa iliyo sahihi zaidi ni kwamba alikuwa na subira, na kwamba wazee ndio waliojua nini kingeweza kuondolewa bila jando kufa.

Serikali ya kikoloni haikuwa na subira hiyo. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia wenyeji, kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, maofisa walitumwa kutafuta machifu. Juu ya uwanda wa Makonde hawakuwapata. Walipata wakulungwa, wengi mno, kila mmoja na chirambo yake, na hakuna aliyekubali kuwa chini ya mwingine. Waliundiwa mabaraza. Msomi wa Marekani J. Gus Liebenow, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu utawala wa kikoloni kwa Wamakonde, ameeleza jinsi mpango huo ulivyoyumba na kuachwa; katika miaka ya 1940 serikali ilirudi kwenye maliwali, watu wa kuteuliwa waliofanana sana na maakida wa Kijerumani. Maofisa waliona wakulungwa wanaongea bila kuamua. Lakini mambo waliyopewa kuamua, kama kodi na kilimo cha lazima, yalikuwa yamekwisha kuamuliwa ofisini, kwa hiyo yaliyobaki kwao yalikuwa maneno matupu kweli, na si kwa kosa lao. Ni kipindi hiki pia ambapo Kiingereza cha walowezi na maofisa kililizoea shauri kwa maana ya tatizo au usumbufu wowote, hata gari likiharibika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 neno lilipandishwa hadhi upya. Julius Nyerere, akitetea demokrasia ya chama kimoja, alimtaja Mwingereza Guy Clutton-Brock aliyeeleza jinsi wazee wa Kiafrika wanavyokaa chini ya mti na kuongea mpaka waafikiane. Kwa Nyerere, kuafikiana huko ndiko kiini cha demokrasia ya Kiafrika, na upinzani rasmi wa vyama ulikuwa jambo la Ulaya. Hoja hiyo ilikuwa na uzuri na kasoro yake. Chini ya mti wa Newala, aliyeshindwa kuafikiana alikuwa na njia ya kuondoka na watu wake. Katika dola yenye mipaka na chama kimoja njia hiyo ilifungwa. Jina la kikao lilipita bila mlango wake wa nyuma.

Vijiji vya ujamaa viliwakusanya watu wa uwanda na wa tambarare katika makazi ya pamoja, na sheria ya mwaka 1975 ikakipa kila kijiji mkutano mkuu na halmashauri. Jando, mashamba ya mikorosho, maji na mifugo vilihitaji kujadiliwa sasa na watu ambao zamani kila mmoja alikuwa na chirambo yake. Serikali za mitaa zilizofutwa mwaka 1972 zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na leo Masasi na Newala kila moja ina halmashauri ya wilaya na halmashauri ya mji. Mzizi wa shura umo katika kibao cha kila jengo lao, ingawa diwani anayesimama kuchangia hupewa dakika.

Upande wa sheria, sheria ya mwaka 1985 ilianzisha mabaraza ya kata, yenye wajumbe wa kawaida badala ya mahakimu, yaliyokusudiwa kupatanisha kwanza. Mwaka 2002 yalipewa pia nafasi katika migogoro ya ardhi. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea uwezo wa kuamua migogoro hiyo na kuyabakizia usuluhishi tu, tena ndani ya siku 30. Muda huo ukipita bila mapatano, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda mbele. Mwaka huohuo 2021, sheria nyingine ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania. Katika mahakama za Masasi na Newala, kama kwingineko nchini, kila kesi inayoandikishwa huitwa shauri na kupewa namba na mwaka, na kinacholalamikiwa sasa si wingi wa maneno ya wazee bali mrundikano wa mashauri yenyewe.